Macho Hayana Pazia: Je, Miwani Janja Itakuwa Kitu cha Kila Siku?

Mtu akitaka kukupiga picha kwa simu, sharti ainue mkono. Ataitoa mfukoni, ataielekeza kwako, na katika sekunde hizo mbili utapata nafasi ya kutabasamu, kugeuza uso au kumwambia aache. Hakuna bunge lililopitisha sheria ya mkono ulioinuliwa, lakini kila mtu anaielewa. Miwani janja inauondoa mkono huo. Anayekutazama huenda anakutazama tu, huenda anakurekodi, na usoni pake mambo hayo mawili yanafanana.

Nimeanza hapo kusudi. Maswali mengi kuhusu miwani hii huanzia kwenye betri, lenzi na bei, kana kwamba kifaa kikishafanya kazi vizuri watu watakivaa tu. Betri na lenzi zina uzito wake, na nitazieleza kwa kirefu kwa sababu huwa zinapitiwa juujuu. Ila saa ya mkononi inamhusu aliyeivaa na basi. Miwani yenye kamera inahusu watu wawili: aliyeinunua, na anayeketi mbele yake bila kuulizwa.

Jina moja, vitu vitatu

Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha, mmoja akisema miwani janja imeshafanikiwa, mwingine akisema bado sana, na wote wakawa wakweli. Kila mmoja ana kitu chake kichwani.

Kitu cha kwanza ni miwani isiyo na skrini kabisa. Ina kamera ndogo kwenye kona ya fremu, maikrofoni kadhaa, na spika zilizofichwa kwenye mikono ya fremu karibu na masikio. Mfano unaojulikana zaidi ni Ray-Ban Meta, ya kampuni ya Meta (zamani Facebook), iliyoingia sokoni Oktoba 2023 kwa bei ya kuanzia dola 299. Inapiga picha, inapokea simu, inacheza muziki na kujibu maswali kwa akili mnemba, lakini ndani ya kioo hakuna kinachoonekana. Ukiitazama kwa haki, ni vipokea sauti vya masikioni vilivyoongezewa jicho.

Kitu cha pili ni miwani yenye skrini ndogo inayoelea pembeni mwa upeo wa macho: ujumbe ulioingia, mshale wa ramani, tafsiri ya anachosema mtu wa mbele yako. Meta Ray-Ban Display ya Septemba 2025, iliyouzwa dola 799, ni ya kundi hili. Picha yake hutokea kwenye jicho la kulia peke yake.

Cha tatu ndicho kinachoonyeshwa kwenye matangazo. Hapo vitu vya kubuni vinakaa juu ya meza yako halisi, unavizunguka, unavishika kwa vidole. Meta ilionyesha mfano wa majaribio uitwao Orion mwezi Septemba 2024. Haukuwekwa sokoni, na gharama ya kuunda mmoja iliripotiwa kuwa karibu dola 10,000. (Apple Vision Pro ya mwaka 2024, iliyouzwa dola 3,499, naiacha kando. Kifaa cha zaidi ya gramu 600 chenye betri inayoning'inia kwa waya ni vigumu kukiita miwani, hata uwe mkarimu kiasi gani.)

Kwa hiyo swali la kama miwani janja itazoeleka ni maswali matatu, na majibu yake hayalingani.

Pua haidanganywi

Mimi ni mvaa miwani wa miaka mingi, na ninaweza kukuhakikishia kwamba pua inahesabu gramu. Miwani ya kawaida ina uzito wa gramu 25 hadi 40 hivi. Ray-Ban Meta ya 2023 ina takribani 49, na watu wengi waliizoea. Ile yenye skrini imefika 69. Orion ilikuwa 98, na hapo ubongo wake mwingine uliwekwa kwenye kijisanduku cha kompyuta kinachobebwa mfukoni. Gramu 20 za ziada mkononi huzisikii. Puani, kufikia jioni, zimeshaacha alama mbili nyekundu.

Uzito huo ndio unaobana betri. Simu ya leo ina betri ya mAh 4,000 au 5,000 (mAh ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa). Ndani ya mikono ya fremu kuna nafasi ya mAh mia chache tu. Ndiyo maana Ray-Ban Meta ya kwanza iliahidi saa nne za matumizi, na kasha lake likatengenezwa liwe chaja, ili kila ukiivua inywe kidogo. Hata tukipata betri bora mara mbili, joto lingebaki. Simu ikipata moto unaiweka mezani. Miwani imegusana na ngozi ya uso siku nzima, na kompyuta yoyote inayofanya kazi kwa bidii hutoa joto. Mhandisi wa miwani hana feni wala pa kulitupa joto hilo, isipokuwa kichwa cha mteja.

Kisha kuna mwanga. Jicho la binadamu haliwezi kusoma kitu kilicho sentimita mbili mbele yake. Jaribu kusoma gazeti ukiwa umelibandika kwenye kope. Kwa hiyo huwezi kubandika kiskrini kwenye lenzi ukamaliza kazi. Unachoweza ni kuficha projekta ndogo kwenye fremu, kupitisha mwanga wake ndani ya kioo chenyewe, ukigongagonga kuta zake kama maji mferejini, kisha kuutoa mbele ya mboni kwa mistari midogo mno isiyoonekana, tena ukiwa umepangwa hivi kwamba jicho lidhani picha iko mita kadhaa mbele. Katika safari hiyo sehemu kubwa ya mwanga hupotea njiani. Kinachobaki kinatakiwa kishindane na jua la mchana. Ukiongeza nguvu ya projekta ili kishinde, unarudi kwenye betri na joto.

Kuna jambo moja dogo ambalo matangazo hayalionyeshi kamwe. Miwani ya namna hii haiwezi kuchora cheusi. Lenzi ni wazi, na kinachoongezwa juu yake ni mwanga; huwezi kuongeza giza. Kivuli hakichoreki. Paka wa kubuni aliyewekwa juu ya zulia jeupe ataonekana kama mzuka wa paka. Wapo wanaotafuta njia ya kufifisha lenzi sehemu kwa sehemu, lakini hilo nalo lina gramu zake na umeme wake.

Upana wa picha nao una bei yake. Macho mawili ya mtu huona karibu nyuzi 200 kutoka upande hadi upande. Skrini ya Meta Ray-Ban Display inachukua nyuzi 20 tu, sawa na kutazama kadi ndogo iliyoshikwa mbele yako. Orion ilifika 70, lakini kwa kutumia lenzi za silikoni kabaidi, kitu kigumu kuchonga na ghali, na hiyo ni sababu mojawapo ya zile dola 10,000.

Sijaeleza haya ili kuwavunja moyo wanaosubiri. Ninachosema ni kwamba matatizo haya yameshikana: ukivuta moja, jingine linakaza. Ndiyo maana kundi la tatu limekuwa likitangazwa kuwa liko karibu tangu zamani. Ivan Sutherland alishatengeneza chombo cha kuvaa kichwani chenye picha za kompyuta mwaka 1968, na kilikuwa kizito hata kikabidi kining'inizwe kutoka darini. Microsoft iliuza HoloLens, kifaa chake cha kundi hili, kuanzia 2016, ikatoa ya pili mwaka 2019 kwa dola 3,500, na mwaka 2024 ikasimamisha uundaji wake. Kwa kundi hili jibu langu ni kwamba halitakuwa kitu cha kila siku karibuni, na atakayekuambia vinginevyo muulize anachaji mara ngapi.

Uso umeumbwa na haya

Google ilijifunza somo la upande wa pili kwa fedheha. Glass, miwani janja yake, ilitangazwa 2012 kwa mbwembwe, watu wakiruka kutoka angani wakiwa wameivaa, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa wateja wachache waliochaguliwa kwa dola 1,500. Ilikuwa na skrini ndogo juu ya jicho la kulia na kamera kando yake. Baa kadhaa za Seattle na San Francisco zikaipiga marufuku. Waliovaa wakapewa jina la kejeli lililounganisha jina la kifaa na tusi, na jina hilo likasambaa haraka kuliko kifaa chenyewe. Mwezi Februari 2014 Google ikalazimika kuwaandikia wateja wake mwongozo wa adabu, ukiwaomba, pamoja na mengine, wasiwe watu wa kuudhi. Januari 2015 uuzaji kwa watu wa kawaida ukakoma.

Wengi husema Glass ilishindwa kwa sababu ilikuja mapema. Sikubali kabisa. Betri yake ilikuwa mbovu, kweli, na ilikuwa na kazi chache. Lakini vifaa vibovu huwa vinapuuzwa tu; watu hawavipigi marufuku baa. Glass ilichukiwa na watu ambao hawakuwahi kuigusa. Ilikuwa na sura ya kifaa, ilitangaza kwamba aliyeivaa ana pesa na yuko mbele ya wakati, kisha ikakukodolea jicho.

Ray-Ban Meta iligeuza mbinu. Ilichukua umbo la Wayfarer, fremu ya Ray-Ban ambayo watu wameivaa tangu miaka ya 1950, ikaficha vifaa ndani yake. Ikaondoa skrini, na kwa hiyo ikaondoa uzito, joto na nusu ya bei. Muhimu zaidi, ikauzwa na EssilorLuxottica, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya miwani, yenye lenzi, chapa na maduka yake. Februari 2025 kampuni hiyo ilisema zimeuzwa jozi milioni 2 tangu Oktoba 2023, na kwamba inajiandaa kuweza kuunda milioni 10 kwa mwaka ifikapo mwisho wa 2026. Meta nayo ikanunua karibu asilimia 3 ya hisa zake mwaka huohuo. Google imerudi uwanjani kwa kufuata nyayo hizohizo, ikishirikiana na wauza miwani kama Warby Parker na Gentle Monster. Somo limeeleweka: watu hawavai kompyuta usoni, wanavaa miwani.

Linganisha lakini na simu janja, zinazouzwa zaidi ya bilioni 1 kila mwaka, na utaona umbali uliobaki.

Lakini kuficha kamera vizuri ndiko kunakozidisha lile tatizo la mkono ulioinuliwa. Wahenga walisema macho hayana pazia: ukipita mbele ya watu utaonekana, na huna wa kumlaumu. Methali hiyo ilisemwa juu ya macho yanayosahau. Anayekuona leo akitembea kwa huzuni, kesho hakumbuki shati lako lilikuwa la rangi gani. Kamera inakumbuka, inatuma, na kinachotumwa kinaweza kuunganishwa na kingine.

Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha jambo hilo kwa vitendo. Walirusha video kutoka kwenye Ray-Ban Meta, wakaziingiza nyuso za wapita njia kwenye huduma ya mtandaoni inayotafuta watu kwa sura, kisha akili mnemba ikakusanya majina, anwani na habari nyingine za watu hao. Hawakuvunja mfumo wowote wala hawakutoa programu yao kwa umma. Kila kipande walichotumia kilikuwa tayari kinapatikana. Facebook yenyewe ilikuwa imezima utambuzi wa sura kwenye mtandao wake mwaka 2021 na kuahidi kufuta alama za nyuso za zaidi ya watu bilioni 1. Ahadi ya kampuni moja inaizuia kampuni hiyo, kwa muda itakaoamua yenyewe. Haimzuii mwanafunzi mwenye kompyuta ya mapajani.

Kinga iliyowekwa hadi sasa ni kitaa kidogo kinachowaka mbele ya fremu kamera inaporekodi. Mwaka 2021 wasimamizi wa faragha wa Ireland na Italia waliitaka Facebook, iliyokuwa imetoa toleo la awali la miwani hiyo, ithibitishe kwamba kitaa hicho kinaonekana na kwamba watu wanaelewa maana yake. Matoleo yaliyofuata yakapewa kitaa kikubwa zaidi. Mimi naona hapa ndipo mzigo wote umewekwa mahali dhaifu kuliko pote. Kitaa kinamtaka anayerekodiwa awe macho, ajue maana yake, na akione hata juani. Korea Kusini simu zimelazimishwa kutoa sauti kamera inapopiga picha, na sauti angalau hukufikia hata ukiwa umegeuka.

Tumewahi kupita hapa, na kumbukumbu hiyo inasaidia. Kodak ilipotoa kamera ya kubeba mkononi mwaka 1888, ghafla mtu yeyote aliweza kumpiga picha mwenzake bila kumketisha studio. Miaka miwili baadaye wanasheria Samuel Warren na Louis Brandeis waliandika katika jarida la sheria la Harvard makala ya kutetea haki ya mtu kuachwa peke yake, wakitaja waziwazi picha za papo kwa papo na magazeti. Makala hiyo ikawa msingi wa sheria za faragha za Marekani. Kamera haikuondoka. Watu waliizoea, sheria ikasogea, na adabu mpya zikazaliwa, ule mkono ulioinuliwa ukiwa mojawapo. Sioni sababu ya miwani kuwa tofauti, ila mazoea ya namna hiyo yalichukua vizazi.

Inachukua kazi ya nani?

Simu ilimeza kamera, ramani, redio, saa ya kuamsha na kalamu. Miwani inameza nini? Kwa mtu wa kawaida, bado si kingi. Anayeivaa bado anabeba simu, kwa kuwa miwani hupata intaneti kupitia simu hiyo. Kuiamrisha nako kuna shida yake: kuongea na miwani ukiwa peke yako ni rahisi, kuongea nayo ndani ya lifti yenye watu sita ni jambo jingine. Meta imejaribu mkanda wa kifundo cha mkono unaosoma umeme wa misuli, ili kusugua vidole kimyakimya kutoshe kuwa amri. Ni uvumbuzi mzuri kweli, ingawa sasa una kitu cha tatu cha kuchaji.

Lakini kuna watu ambao kwao hesabu ni tofauti kabisa. Be My Eyes, huduma iliyoanzia Denmark mwaka 2015, humwunganisha asiyeona na mtu anayeona popote duniani ili amsaidie kusoma lebo au kutambua mlango. Kwa simu, asiyeona hushika fimbo kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, akibahatisha kamera imeelekea wapi. Huduma hiyo ilipounganishwa na Ray-Ban Meta, kamera ikaelekea anakoelekea yeye, na mkono ukawa huru. Kwa asiyesikia, maneno ya mzungumzaji yanayoandikwa ndani ya kioo humwezesha kumtazama mtu usoni badala ya kuinamia simu. Hawa hawahitaji kushawishiwa na tangazo.

Hali ni hiyohiyo kwa wenye kazi ya mikono miwili. Mwaka 2015 kampuni ya usafirishaji mizigo ya DHL ilifanya jaribio katika ghala la Bergen op Zoom nchini Uholanzi, wafanyakazi wakielekezwa na miwani mahali pa kuchukua bidhaa, na ikasema ufanisi uliongezeka kwa asilimia 25. Google Glass yenyewe, baada ya kufukuzwa baa, iliendelea kuuzwa viwandani hadi Machi 2023. Ghalani hakuna anayeona haya, na kila mtu anajua nani amevaa nini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni vipokea sauti visivyo na waya. Apple ilipoleta AirPods mwaka 2016 watu walicheka, wakasema ni vichwa vya mswaki vimeingia masikioni. Kicheko hicho hakikudumu. Havikuondoa simu, vilikaa kando yake, vikafanya jambo moja vizuri. Naitarajia miwani ya kundi la kwanza ifuate njia hiyo, na mlango wake utakuwa duka la miwani kuliko duka la simu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 2.2 wana tatizo la kuona kwa karibu au kwa mbali, na mamilioni kati yao watabadilisha fremu mwaka huu kwa vyovyote vile. Kwao swali halitakuwa "ninunue kifaa kipya?" Litakuwa "fremu hii niichukue yenye spika au isiyo nayo?" Asiyevaa miwani kabisa ni mteja mgumu zaidi, sijaona bado sababu ya kumfanya abebe puani asichohitaji. Miwani yenye skrini ndogo itabaki katikati kwa muda, na nadhani tafsiri na maandishi ya mazungumzo ndiyo yatakayoibeba, kuliko ujumbe unaoelea mbele ya macho. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ujumbe unamfikia kwa kuchelewa.

Tatizo litakalofuata linatokana na mlango huohuo wa lenzi za daktari. Simu unaweza kuambiwa uiache nje. Januari 2014, mjini Columbus katika jimbo la Ohio, mtu mmoja alitolewa katikati ya filamu na kuhojiwa kwa muda mrefu na maafisa wa serikali, wakishuku anairekodi filamu kwa Google Glass. Alikuwa ameizima. Aliivaa kwa sababu alikuwa ameiwekea lenzi zake za kuonea, na bila hiyo asingeiona filamu aliyoilipia. Walipoiunganisha na kompyuta hawakukuta chochote cha filamu hiyo, wakamwachia. Wakati ule alikuwa mtu mmoja ukumbini, tena mwenye kifaa ambacho kila mtu alikitambua. Fremu zikishafanana zote, mlinzi wa mlangoni, msimamizi wa mtihani na karani wa mahakama watatakiwa kumwambia mtu avue macho yake, na hakuna kati yao aliyeandikiwa bado cha kufanya akikataa.